Ua la Bwawa Lililoingia Mtoni

Kati ya Kamanyola na Luvungi, kando ya barabara ya taifa namba 5, Katogota ni mahali ambapo mwenye jembe na subira hakosi cha kuotesha. Joto lipo, jua lipo, na maji yanashuka kutoka milimani kuelekea mto Ruzizi. Wengi hulima kwa ajili ya chungu na soko: muhogo, mahindi, mpunga, nyanya, vitunguu. Lakini katika kila kijiji cha tambarare hii yupo pia mtu anayelima kwa mapenzi tu. Uani kwake kuna lengalenga na sombe kama kwa majirani, ila pembeni utakuta bidoni la njano lililokatwa katikati na ndani yake kuna bogenvilia. Utakuta mche wa mkuyu alioung'oa kwenye ufa wa ukuta, sasa umo ndani ya bakuli pana, mizizi imepunguzwa na matawi yamekunjwa kwa waya, kwa sababu aliona picha ya bonsai na akataka kujua kama mti wa kwao nao unaweza kufundishwa kubaki mdogo. Hakuna ndugu anayekwenda Uvira, Bukavu au Bujumbura bila kuagizwa kipandikizi. Kitarudi kimefungwa kwa kitambaa chenye maji, na kabla mgeni hajanywa maji, mwenyeji ameshachimba shimo.

Mtu huyo ni hazina kwa kijiji chake, na sisemi hivyo kwa adabu. Muhogo, mahindi, nyanya na maharage tunayokula kila siku vyote vilitoka Amerika. Vilifika kwetu kwa sababu watu fulani walikubali kuweka ardhini kitu ambacho baba zao hawakukijua. Anayejaribu mbegu tatu za nyanya kwenye kona ya uwanja wake anaifanyia familia kazi ambayo mkulima wa ekari nzima hathubutu, maana mkulima akikosea, watoto wanalala njaa. Jaribio la mpenda bustani linaruhusiwa kushindwa. Mbegu isipoota, hasara yake ni ndogo na elimu yake ni kubwa.

Hatari iko kwa jaribio linalofaulu kupita kiasi. Kisa ninachokileta ni cha ua moja lililofaulu hivyo. Limepita kwenye bustani za watu wema kama huyu wa Katogota, katika nchi nyingi, na sasa liko karibu na nyumba yake.

Ua lenyewe ni zuri, na tusiposema hivyo hatutaelewa lolote kati ya yaliyotokea. Huelea juu ya maji. Majani yake ni ya mviringo, yanang'aa, na kila jani limeshikwa na kikonyo kilichovimba chenye hewa ndani. Katikati husimama shada la maua ya rangi ya zambarau hafifu, na petali moja ya juu ina doa la njano lililozungukwa na samawati. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika mito na mabwawa ya bonde la Amazon. Huko lina wadudu wanaolila na maji yanayopanda na kushuka kwa majira, kwa hiyo hukaa kwa kiasi. Karne ya 19 wapenda bustani wa Ulaya na Marekani walilitamani, wakaliweka kwenye madimbwi ya mapambo, wakapeana. Leo Waswahili wengi wanalijua kwa jina la gugumaji. Wakati ule hakuna aliyeliita gugu.

Mwaka 1897 mtaalamu wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Webber, alichapisha ripoti kuhusu namna lilivyoingia mto St. Johns huko Florida. Kadiri alivyoweza kuchunguza, mnamo mwaka 1890 mwenye nyumba mmoja karibu na mji wa Palatka alikuwa na dimbwi la maua hayo. Yakajaa, naye akaamua kulisafisha. Ziada akaitupa mtoni. Hakuwa na nia mbaya, na mwanzoni majirani walifurahi, kwani mto uliokuwa mtupu sasa ulikuwa umevaa maua. Wengine walichukua miche wakaipeleka kwenye sehemu zao za mto ili nazo zipendeze. Wafugaji nao walipoona ng'ombe wanaingia majini kuyala, waliyasambaza zaidi wakidhani wamepata malisho ya bure. Kumbe zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za mmea huo ni maji. Ng'ombe hujaza tumbo bila kunenepa.

Kabla miaka kumi haijaisha, mashua za mvuke zilikuwa zinakwama, magogo ya wavuna mbao yalishindwa kuelea kwenda viwandani, na wavuvi hawakuwa na pa kutupia nyavu. Mwaka 1899 Bunge la Marekani lilitoa fedha za kuondoa maua kwenye mito ya Florida na Louisiana. Zilijaribiwa mashine za kuponda, zikajaribiwa sumu zilizoua na mifugo. Mwaka 1910 mbunge wa Louisiana, Robert Broussard, alipeleka bungeni mswada wa kuomba dola 250,000 ili waletwe viboko kutoka Afrika, wakae kwenye vinamasi vya kusini mwa Marekani, wale maua hayo, kisha wananchi wale viboko. Mswada ulishindwa. Watu wa Ruzizi, wanaojua kwamba kiboko hushinda majini mchana lakini usiku hupanda nchi kavu kutafuta nyasi na mashamba, wangeweza kumweleza mapema kwamba mnyama huyo angekula mahindi ya watu na kuacha maua yakielea. Ninachokiona hapo ni taifa tajiri, lenye wahandisi na fedha, lililofikishwa mahali pa kufikiria kuagiza viboko kwa sababu ya ua lililotoka kwenye madimbwi ya mapambo.

Ili tuone kwa nini, tuhesabu. Gugumaji halingoji mbegu. Kila mche hutoa kijiti cha pembeni, na kwenye ncha ya kijiti huota mche mwingine, ambao ukikatika kwa upepo au kasia unaanza maisha yake. Maji yakiwa na joto na rutuba, idadi hujizidisha mara mbili kwa wiki moja hadi mbili. Tuchukue mwendo wa polepole, wiki mbili. Mche mmoja uliotupwa leo, baada ya miezi sita umekuwa miche zaidi ya 8,000. Baada ya mwaka hesabu inapita milioni 60, endapo kuna maji ya kutosha kuibeba. Halafu kuna mbegu. Shada moja linaweza kutoa mbegu kwa maelfu, zinazama kwenye tope, na zinaweza kukaa humo zaidi ya miaka 15 zikiwa hai, zikingoja maji yapungue na jua liziguse. Kwa hiyo anayeondoa maua yote mwaka huu bado ana kazi ya mwakani, na mjukuu wake anaweza kuirithi.

Yakishaufunika uso wa maji, hewa na mwanga haviingii. Chini yake samaki wanakosa pumzi. Maji hutulia, na penye maji yaliyotulia katikati ya mizizi hupatikana konokono wanaobeba kichocho na mbu wanaobeba malaria. Nyoka hupata maficho. Mama anayekwenda kuchota maji hulazimika kusukuma mkeka wa majani kwa mikono kabla ya kuzamisha ndoo.

Afrika haikukosa sehemu yake ya kisa hiki. Misri ililipata ua hili mwishoni mwa karne ya 19, tena kwa njia ileile ya mapambo. Kwenye mto Kongo liliripotiwa mwaka 1952, na kufikia mwaka 1955 lilikuwa limeenea kilomita zipatazo 1,600 kati ya Léopoldville na Stanleyville, miji tunayoiita leo Kinshasa na Kisangani. Miaka mitatu tu. Serikali ya kikoloni ilimwaga dawa ya kuua magugu kwa mamilioni ya faranga, mto ukafunguka kidogo, mimea iliyobaki kwenye vijito ikaujaza tena. Miaka hiyohiyo ya 1950 liliingia mito ya Sigi na Pangani huko Tanganyika, na mwaka 1958 lilikuwa kwenye Nile Nyeupe nchini Sudan.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha majirani zetu wa mashariki. Rwanda ilikuwa na ua hili kwenye madimbwi na mito yake, na inasemekana lilifika huko kama pambo la nyumba za Wabelgiji. Mito mingi ya Rwanda, isipokuwa ile ya upande wa Kivu na Ruzizi, inaingia Nyabarongo, Nyabarongo inaingia Kagera, na Kagera inamwaga maji yake ziwa Viktoria. Mwaka 1989 gugumaji lilionekana kwenye ziwa hilo upande wa Uganda. Kila siku Kagera ilileta mafungu mapya yakielea. Kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika zaidi ya hekta 17,000 za ziwa. Bandari ya Kisumu ikafungwa na majani. Bandari ya Port Bell, Uganda, vilevile. Kwenye bwawa la Owen Falls, Jinja, ambako Uganda ilipata karibu umeme wake wote, mimea iliziba vichujio vya maji ya mitambo na wafanyakazi wakawa wanaizoa mchana na usiku. Mvuvi wa ghuba ya Winam, ilipo Kisumu, aliyezoea kutoka alfajiri na kurudi saa mbili sasa aliweza kukwama katikati ya majani hadi jioni, samaki wakiozea mtumbwini.

Kilichosaidia ni mdudu mdogo aina ya fukusi, kutoka hukohuko Amerika ya Kusini, ambaye chakula chake ni gugumaji. Mdudu mzima hutafuna jani, funza wake hutoboa kikonyo, maji yakaingia, mmea ukazama. Uganda iliwaachilia ziwa Viktoria mwaka 1995, Kenya mwaka 1997, Tanzania nayo ikafanya hivyo. Mvua kubwa na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliyapasua mashuka ya majani, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. Lakini halikuisha. Baada ya mvua nyingi za mwisho wa 2006 ghuba ya Winam ilifunikwa upya, na hadi leo gugumaji huenda na kurudi Kisumu.

Nataka msomaji atulie hapo kwa fukusi. Kabla ya mdudu huyo kuruhusiwa kugusa maji ya Afrika Mashariki, watafiti walimfungia, wakampa mimea ya aina nyingi, wakiwemo jamaa wa karibu wa gugumaji na mazao yetu ya chakula, wakaangalia atakula nini akikosa anachokipenda. Waliporidhika kwamba angekufa njaa kuliko kula mpunga au migomba, ndipo wakamwachilia. Hilo lilikuwa jaribio, na lile la mwenye dimbwi wa Florida lilikuwa jaribio pia. Wote wawili walileta kiumbe kigeni. Mmoja aliuliza kwanza kitaishia wapi. Mwingine aliuliza kama kinapendeza.

Sasa turudi Katogota, tutazame maji yanaelekea wapi. Ruzizi hutoka ziwa Kivu pale Bukavu, kwenye mita karibu 1,460 juu ya usawa wa bahari, hushuka kwa nguvu kupitia mabonde hadi Kamanyola, kisha hutulia kwenye tambarare na kwenda taratibu hadi ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita zipatazo 770. Ng'ambo ni Burundi, na kidogo juu ni Bugarama ya Rwanda. Mtaro wowote wa Katogota, uwe wa shamba la mpunga au wa maji ya mvua nyuma ya nyumba, mwisho wake ni mto huo. Mto huo mwisho wake ni ziwa la nchi nne, lenye mamia ya aina za samaki na nyingi kati yake hazipatikani popote pengine duniani. Ndagala na mikeke zinazouzwa Uvira hutoka humo. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga pale Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka kwa mvuke, si kwa mto. Kilichoingia Tanganyika hakisombwi haraka kikaondoka.

Wala hatuongei habari ya mbali. Upande wa Burundi gugumaji limekwisha kuonekana kwenye mdomo wa Ruzizi na mwambao wa Bujumbura. Mimea vamizi ni miongoni mwa mambo yanayoshughulikiwa na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, iliyozaliwa na mkataba uliotiwa saini na Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia mwezi Juni 2003. Lakini mamlaka haioni ndani ya ua wa mtu. Haijui kwamba mama fulani amepewa mche wa ua la maji na shemeji yake wa Bujumbura na ameuweka kwenye pipa lililokatwa nyuma ya jiko.

Mtu atasema: pipa ni pipa, litaendaje mtoni? Tambarare hii inajua jibu. Mwezi Aprili 2020 Mulongwe na mito mingine ya Uvira ilivunja kingo usiku, ikabeba nyumba, madaraja na watu. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lenyewe lilipanda likaingia majumbani Kavimvira na ng'ambo huko Gatumba. Maji yaliyobeba nyumba yatashindwa vipi kubeba mche usio na mizizi ardhini, mche ulioumbwa kuelea? Wala si lazima yawe mafuriko. Mtoto akimwaga pipa kwenye mfereji siku ya usafi inatosha. Bata akitembea na kijiti mguuni inatosha. Mwenye dimbwi wa Palatka hakupatwa na mafuriko, alikuwa anafanya usafi.

Juu, Bukavu, tumeshaonyeshwa kidogo kile kinachoweza kuja. Chupa na mifuko ya plastiki kutoka ziwa Kivu huelea hadi bwawa la Ruzizi I, lililojengwa miaka ya 1950, na kuziba njia ya maji ya mitambo, umeme ukakatika Bukavu na kwingineko. Plastiki haizaani. Ukizoa tani moja, imepungua tani moja. Tufikirie mitambo hiyo, na mingine inayopangwa kujengwa karibu na Kamanyola, ikikabiliwa na takataka inayojizidisha yenyewe kila wiki mbili. Tufikirie pia mifereji ya mpunga ya tambarare, iliyochimbwa kwa jasho, maji yakishindwa kufika kwenye majaruba kwa sababu mfereji umejaa zambarau.

Nimelikazania gugumaji kwa sababu ndilo linaloonekana wazi kuliko yote, lakini si mmea pekee uliotoka bustanini. Lantana, kile kichaka cha maua madogo ya njano na waridi kilichopandwa kuwa uzio mzuri wa maboma, kimeingia malishoni sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na majani yake huwadhuru ng'ombe wakiyala. Kwenye tambarare yenye mifugo hilo si dogo.

Na wakati mwingine kinachotoroka si mmea, ni ugonjwa uliomo ndani yake. Hapa mpenda bustani wa mazao ya jikoni asikilize kwa makini zaidi. Mnyauko wa migomba uliojulikana kwanza Ethiopia, ulipoelezwa mwaka 1968 kwenye mmea wa jamii ya mgomba, ulionekana Uganda na Masisi, Kivu Kaskazini, mwaka 2001. Tangu hapo umeteketeza migomba katika vijiji vingi vya Kivu. Bakteria wake hana miguu. Hubebwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba, na hubebwa na sisi, kwenye panga lililokata mgomba mgonjwa na kuendelea na mzima, na kwenye chipukizi linalotolewa zawadi. Chipukizi hilo linaweza kuonekana zima kabisa siku linapopandwa. Baadaye majani hunyauka na kuwa manjano, ndizi huiva kabla ya wakati zikiwa na rangi ya kahawia ndani, na shina likikatwa hutoka majimaji ya njano mazito. Mtu aliyetaka tu kuonja aina mpya ya ndizi amewaletea jirani zake njaa, na jirani wale hawatajua imetoka wapi.

Kinga yake haihitaji fedha nyingi. Panga lipitishwe kwenye moto hadi liwe la moto kweli, au lioshwe kwa dawa ya klorini, kila linapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Ua la dume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu kichana cha mwisho kinapotokea, bila kutumia chuma, ili wadudu wasipate mlango. Mgomba uliougua ukatwe usawa wa ardhi mapema, huo peke yake, kabla haujaambukiza migomba mingine ya shina hilo. Chipukizi kutoka mahali ambapo ugonjwa upo likataliwe, hata likitolewa na mama mkwe. Najua uzito wa kukataa zawadi kwetu. Shukrani inaweza kutolewa kwa maneno mazuri na mche ukabaki kwa mwenyewe.

Muhogo nao una kesi yake ya namna hii, ya vijiti vinavyobeba virusi vya batobato kutoka shamba hadi shamba. Shina lenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano lisikatwe kuwa mbegu, hata kama lilizaa vizuri msimu uliopita.

Je, basi mpenda bustani akae tu na lengalenga? Hapana. Mkuyu wake mdogo kwenye bakuli unaonyesha njia. Sanaa ya bonsai, iliyotoka China ikakuzwa Japani, ni kazi ya kuupenda mti huku ukiuwekea mipaka kila siku. Mizizi hupunguzwa, tawi linalokimbia hukatwa, chungu huwa kifupi chenye matundu ya kutolea maji, na mwenyewe hawezi kusahau hata siku moja, maana kwenye kiangazi cha Juni hadi Agosti udongo mdogo kiasi hicho hukauka kabla ya jioni. Auweke chini ya kivuli mchana, aumwagilie asubuhi na jioni, na asipande mkuyu huo karibu na ukuta akichoka nao, kwa sababu mizizi yake ikiachiwa hupasua msingi wa nyumba. Jambo hilo linafaa kwa mmea wowote mgeni. Chungu kiwe na mwisho, mmea uwe chini ya jicho, na mwenyewe ajue atafanya nini siku utakapozidi.

Kabla ya kupokea mche, amuulize anayempa: kwenu umesambaa wenyewe? Swali hilo moja lingeokoa mito mingi. Mmea unaomea kwa jirani bila kupandwa, unaoota kwenye kila tone la maji, unaorudi baada ya kung'olewa, huo unatoa habari zake mapema, na mara nyingi mpaji hutaja tabia hiyo kama sifa. Pia aulize wenye kazi hiyo. Bukavu haiko mbali, na kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kiko Mulungu, chenye urithi wa utafiti tangu enzi za ukoloni. Wakaguzi wa kilimo wa eneo wapo. Apande kwanza michache, aione misimu miwili ya mvua na kiangazi kimoja, kabla ya kuanza kugawa. Kugawa ndiko kunakoumba au kuharibu nchi. Bustani moja mbaya ni tatizo la mtu mmoja, bali bustani moja mbaya yenye mkono mwepesi ni tatizo la ziwa zima.

Na kuhusu maji, kanuni iwe moja isiyo na mjadala: kisichotakiwa kisirudi majini kamwe. Kipandikizi, ziada ya dimbwi, majani yaliyopogolewa, maji yaliyobaki kwenye pipa la maua, vyote vimwagwe nchi kavu, mbali na mtaro. Wapo watakaosema gugumaji linafaa, kwamba Kisumu watu husuka viti na vikapu kwa mabua yake na wengine hutengeneza mbolea na gesi ya kupikia. Ni kweli wanafanya hivyo, na wana heshima yangu, maana wanatumia janga walilolikuta. Hakuna hata mmoja wao angelileta kama asingelikuta. Wafugaji wa Florida walilisambaza kwa hoja hiyohiyo ya faida.

Ndugu yangu wa Katogota, wewe unayependa kuona kitu kipya kikiota, tazama uani kwako leo. Kama kwenye pipa au dimbwi lako kuna ua la zambarau linaloelea, lenye vikonyo vilivyovimba, litoe lote, hata vijiti vidogo vya pembeni, na ulikate shada kabla halijatoa mbegu. Lianike juu ya mawe mbali na mfereji, liache kwenye jua mpaka likauke kabisa, kisha lichome. Halafu mpelekee ujumbe aliyekupa, na kila uliyempa wewe, wafanye vivyo hivyo kabla mvua za Septemba hazijaanza.